Minyaa Iliyopinda

Mawakili wenzangu huniuliza niliwezaje kuendesha mafunzo ya likizo kwa simu na kompyuta, wanafunzi sita wa sheria, kila mmoja nyumbani kwao, na wote wakamaliza. Nawaeleza habari za ratiba na bando. Habari ya binti wa Rulenge huwa naiacha.

Ofisi yangu pale Biharamulo mjini ni chumba kimoja chenye meza mbili, na meza ya pili imejaa mafaili. Ningewakalisha wapi? Basi saa mbili asubuhi nilikuwa nafungua kompyuta, nao wakitokea mmoja mmoja. Kule Nyakahura ng'ombe walipita nyuma ya kichwa cha kijana. Kule Rulenge ukungu ulikuwa haujaondoka, migomba ikionekana nusunusu, na binti amekaa katikati yake na kitenge mabegani. Shikamoo sita, marahaba sita. Mimi si mtu wa subira, mahakamani wananijua, lakini salamu zile nilizingoja zote. Mtandao ukizubaa, nyuso ziliganda zikitabasamu, nami nikabaki nazitazama kama niko ndotoni, nimeketi kwenye nyua sita kwa wakati mmoja. Nilikuwa na furaha ambayo sikuizoea kazini.

Wiki ya tatu nikawapa kazi: kila mmoja apime kwa hatua mpaka wa shamba la kwao, auchore, kisha aandike maelezo ya shahidi juu ya alichokiona. Niliiona kazi nyepesi.

Kesho yake binti wa Rulenge akanipigia peke yake.

"Shikamoo Madam. Minyaa ya ua wa mpakani kwetu imepinda. Huku chini ni michanga, imeingia hatua nne kwa jirani. Jirani mwenyewe ni mjane."

"Nani aliipanda?"

Nikasikia kwanza kuku wa kwao. "Baba."

Aliomba apime shamba jingine. Maelezo yale ndiyo ningeyasaini yaende chuoni, na baba ndiye aliyemsomesha. Nikapandisha hasira, kama kawaida yangu. Nikamwambia shahidi hachagui cha kuona. Aandike, na Ijumaa aisome mbele ya wenzake. Nikakata simu, kisha nikajuta. Ni rahisi kuwa mkali ukiwa Biharamulo, na mwenzako yuko uani kwa baba yake.

Asubuhi zilizofuata alisalimu bila kuwasha kamera. Wenzake wakisoma kazi zao, macho yangu yalikuwa kwenye ule mraba wake mweusi. Nilimwaza mzee nisiyemjua, anakula chakula alichopikiwa na binti yake, hajui kinachoandikwa. Nilitamani apige tena aombe, nimkubalie.

Ijumaa kamera ikawaka. Alikuwa amesimama shambani.

"Madam, naomba msamaha. Nimekiuka utaratibu. Jana nilimsomea baba kwanza."

Nilikuwa nimewakataza kabisa kumwonyesha mhusika maelezo kabla hayajanifikia.

"Nisingeweza kumwandika mzazi wangu kisogoni," akasema.

Nikafungua mdomo nimkemee.

Akageuza simu. Minyaa ya upande wa chini ilikuwa imeng'olewa, imelala udongoni mibichi, utomvu mweupe ukichuruzika palipovunjika. Kando yake mzee ameshika jembe. Ng'ambo ya pili mama mmoja, yule mjane, amekunja mikono kifuani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mama wakiri."

Binti akauliza, "Madam, kwa kuwa mpaka umerudi, niandike upya?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nilitaka sana. Mzee akaniwahi.

"Asiandike upya. Aliyoyaandika ndivyo yalivyokuwa. Aongeze tu kwamba nimeing'oa mwenyewe, na mama huyu ameona."

Akachukua karatasi mkononi mwa binti, akaisogeza kwenye simu hadi maneno yakajaa kioo changu chote.

"Nisaini wapi?"

Machozi yakanitoka mbele ya wanafunzi wote sita, wala sikuyafuta. Nikamwonyesha kwa kidole, nikagusa kioo cha kompyuta pale chini ya jina la binti yake, kana kwamba angekiona.