Nimemshukuru chef kwa kunichana

Leo nimembariki mtu aliyenichana mbele ya wenzangu wote wa kazi.

Chef wetu, yaani mkubwa wetu wa ujenzi hapa Kamembe, ameandika kwenye grupu, kwa Kiingereza, kwamba ripoti yake juu ya ukuta wangu ni "scathing".

Mimi nilisoma Bukavu kwa Kifaransa, tena kidogo tu.

Nikadhani ni sifa, nikajibu: "Asante chef, Mungu akubariki." Nikawanunulia wenzangu soda.

Fundi mwenzangu akacheka mpaka akaketi kwenye mchanga. "Papa, hilo ni neno la kukosoa muntu bila huruma! Ukuta umepinda!"

Nikaanza kukusanya mwiko na timazi. Nikajua hapa nimefukuzwa.

Chef akafika. "Wengine nikiwakosoa wananitukana. Wewe umenibariki. Kesho bomoa, ujenge upya."

Sasa semeni, nimwambie kwamba sikuelewa?