Albamu Aliyoisikia Admasu

Usikivu wa Admasu ulimtoka polepole, kama wageni waungwana wanaoaga mmoja mmoja ili mwenye nyumba asitambue kwamba sherehe imekwisha. Kwanza zilikwenda kengele za mbali za kanisa la Mikaeli. Zikafuata nyenje za msimu wa mvua. Kisha yakawa maneno ya mwisho ya kila sentensi ya mkewe, Shewaye, naye mke akahitimisha kwamba mumewe uzeeni ameingiwa na kiburi. Admasu alimwacha aamini hivyo. Mtu mwenye kiburi bado hualikwa mahali.

Alikuwa na mashine ya kusaga pale Gulele, upande wa juu wa Addis Ababa, aliyoachiwa na babake. Wanawake walileta nafaka ya tefu kwa magunia madogo, na sikukuu zikikaribia walileta pilipili iliyokaushwa, mtaa mzima ukapiga chafya. Admasu alisimama ubavuni mwa mashine ile tangu ndevu hazijamwota hadi zilipoota mvi, ingawa mvi zenyewe hazikuonekana kwa unga. Barabarani waliomjua walimwita "yule wa mashineni", na wengi hawakujua jina lake jingine.

Jina jingine lilikuwa nyumbani kwa Yeshihareg. Huko aliitwa Sikio.

Yeshihareg alikuwa muuguzi mstaafu, mjane, mwenye redio kubwa ya zamani yenye spika mbili za mbao zilizofika kiunoni. Kila mwaka ulipoisha, katika Pagume, kile kijimwezi cha siku chache kinachobaki baada ya miezi mingine kugawana mwaka, walikutana kwake wapenzi wa muziki. Kila mgeni alileta albamu aliyoiona bora katika mwaka unaoaga. Alipiga wimbo mmoja tu, kisha akaonyesha dhahabu yake. Maana kwao wimbo una nta na una dhahabu: nta ni maneno yanayosikiwa na kila mpita njia, na dhahabu ni maana iliyomiminwa ndani yake, wanaoiona ni wachache. Wimbo wa nta tupu waliuita maji ya kunawia. Kahawa ilipofika kikombe cha tatu, kile cha baraka, walipiga kura, na ilikuwa mwiko mtu kujipigia mwenyewe. Mshindi hakupewa kitu ila haki ya kusema bila kukatizwa hadi sikukuu ya Mwaka Mpya, haki ambayo, kwa maneno ya Lemma, hakuna aliyewahi kuiona kwa macho.

Lemma alikuwa karani wa idara ya maji, mwenye sauti nzito kama pipa linaloviringishwa na ulimi usiojua ruhusa. Ndiye aliyempa Admasu lile jina. Enzi za kanda, Admasu aliwahi kuwaambia kwamba mpiga ngoma wa upande wa pili wa kanda fulani si yule wa upande wa kwanza. Walimcheka kutwa nzima. Baadaye ikajulikana kwamba yule wa kwanza aliugua katikati ya kazi na akaletwa mwingine. Toka siku hiyo, mwanamume aliyekaa na ngurumo siku zote za juma akawa ndiye sikio la wenzake.

Sasa lilikuwa linakufa, na yeye hakumwambia mtu. Hakuuogopa ukimya, kwa kuwa mtu wa mashineni huutamani ukimya. Aliogopa yaliyompata mzee Asrat. Huyo alikuwa mkubwa wao kwa umri. Akili ilipoanza kumponyoka, wenzake waliendelea kumwalika, wakampa kiti chenye mto, wakaichagua albamu yake kabla hajamaliza kusema ni ipi. Alishinda kila mwaka hadi alipofariki. Admasu naye aliinua mkono kumpigia kura, akiona huruma, na hata leo aliukumbuka uso wa mzee yule akipokea ushindi: uso wa mtu aliyekabidhiwa koti lake na kuonyeshwa mlango.

Mwaka huo Admasu alichagua albamu ya Emebet Tsegaw, mwimbaji kijana aliyekuwa hajulikani sana. Aliipata msimu wa mvua, wakati kazi mashineni ni chache. Aliweka kinasa sauti juu ya meza ya mbao, akaegemeza viwiko mezani, na kusikiliza kwa mifupa kama alivyojizoeza. Ilikuwa albamu ya ngoma moja kubwa, nzito, inayokwenda kama mtu anayetoka kuzika, na juu yake sauti ya mwanamke, ya chini, isiyo na haraka. Wimbo mmoja ulikuwa na kiitikio cha maneno mawili. Gena yimetal. Bado atakuja.

Kaka yake Admasu alikwenda vitani kaskazini zama za utawala wa wanajeshi, asirudi, na mama yao, kila sikukuu, alimwekea sahani. Hakulia wala hakusema neno. Aliweka sahani tu, na baada ya kula akaiondoa. Miaka yote hiyo Admasu hakuwahi kusikia mtu akiuimba ule mwendo wa mkono wa mama. Sasa aliusikia.

Walikutana siku ya malaika Rufaeli, mvua ikinyesha. Uani watoto wa majirani walikuwa wakikoga mvua hiyo ya baraka, wakipiga mayowe ambayo Admasu aliyaona tu, vinywa wazi dirishani.

"Karibu, Sikio! Nilidhani mashine imekusaga," alisema Lemma.

"Ingenisaga, ungeletewa unga uombe upimiwe kilo, karani."

Alianza Lemma, kwa albamu ya kinanda ya mzee mmoja anayepiga peke yake. Akafuata Bezawit, mpwa wa Yeshihareg, mwanamke wa miaka thelathini na kitu aliyeuza dawa katika famasi ya mtaa. Alileta albamu ya kundi la wasichana, muziki wa kasi, na kwa Admasu ilikuwa kama kuwatazama watu wakicheza nyuma ya kioo. Alitazama nyayo za wenzake akapata mapigo, akatazama nyuso zao akapata mahali pa kutikisa kichwa. Ulipokwisha alisema, "Mpiga ngoma wao ana haraka ya kwenda wapi?" Wakacheka. Amevuka.

Zamu yake ikafika. Akaupiga wimbo, na ulipokoma akazungumza kwa utulivu, kwa maana jambo hili alilijua kwa ndani. Alisema juu ya mama anayeweka sahani. Alisema kwamba Emebet haombolezi, na ndiyo maana anaumiza. Kwamba neno lile, bado, ndilo linalomtesa mama, kwa kuwa lingekuwa hapana angelala.

Alipomaliza, nyumba ilitulia. Aliudhani ni utulivu wa sifa.

"Sikio," alisema Lemma. "Mama gani?"

"Mama wa kwenye wimbo."

"Ndugu yangu, hiyo ni albamu ya Krismasi!"

Yeshihareg alitazama makaa ya kuchemshia kahawa. Bezawit alitazama vidole vyake.

"Wanangu waliiimba hiyo tangu mfungo haujaisha mpaka tukaificha juu ya kabati," Lemma aliendelea, akishindwa kujizuia. "Ina kwaya ya chekechea! Ina vigelegele! Fimbo zinagongana ko-ko-ko, watoto wanacheza mchezo wa Krismasi, njuga zinalia mwanzo hadi mwisho! Hasemi gena, anasema genna. Ameibana hiyo n kama mtu aliyebanwa kidole mlangoni. Genna yimetal. Krismasi itakuja! Wewe umeketi hapa unatuzikia mtu?"

Kwa maandishi ya Kiamhari ni neno moja. Mdomo ndio unaoyatenga: ukiikaza n ni Krismasi, ukiiachia ni bado. Mtoto wa Addis hajui kusoma lakini hilo analijua. Msimu mzima Admasu alikuwa ameipenda albamu ambayo haikuwepo.

"Ngojeni," alisema Bezawit ghafla. "Ngojeni kwanza. Si ndiyo dhahabu yenyewe? Nta ni Krismasi itakuja, watoto wanaruka. Dhahabu ni bado atakuja. Mama yuko jikoni, sikukuu imefika, mtu wake hajafika. Jamani! Ndani ya albamu ya watoto!"

Lemma alijipiga paji la uso. "Ametupata! Sikio katupata, shetani huyu! Na mimi niliificha kabatini!" Akainuka, akamshika Admasu mabega na kumtikisa. "Miezi yote hii nyumbani kwangu, na sikuona!"

Basi mambo yakawa hivyo. Yeshihareg alicheka kwa nafuu, akammiminia kikombe cha pili kabla ya wengine. Admasu alipokea kikombe, akapokea na sifa, akatabasamu kama mtu aliyevishwa kilemba cha ukoka na kuambiwa ni hariri. Uziwi wake umemfanya msikivu kuliko wote. Ilimbidi tu akae kimya, na angeweza kukaa kimya hivyo mwaka hata mwaka.

"Ndiyo maana njuga zinanyamaza ubeti wa mwisho tu, siyo Gashe?" Bezawit alimwinamia, macho yanang'aa, akimwita kaka kwa heshima kama alivyomwita siku zote. "Zinalia wimbo mzima, halafu pale zinamwacha peke yake na lile neno. Mimi nilidhani ni kosa la mafundi."

Jibu lilikuwa ndiyo. Lilishafika kwenye ulimi. Lakini katika wimbo alioupenda kuliko nyimbo zote za mwaka kulikuwa na njuga, na hizo njuga zilinyamaza mahali, naye hakuwahi kukutana nazo. Tamaa ya kujua ilimzidi nguvu.

"Njuga gani?" aliuliza.

Lemma, aliyekuwa bado amesimama, aliketi.

Yeshihareg alikuwa ameuguza watu miaka mingi, hivyo hakuzunguka. "Tangu lini, Admasu?"

"Muda."

"Ni mashine?"

"Mashine na umri. Wamegawana."

"Kwenye wimbo huu unasikia nini?"

"Ngoma kubwa. Na yeye, kwa chini." Alifikiri. "Basi."

Bezawit aliinuka, akaenda kwenye redio, akashika kitufe cha sauti nyembamba na kukipunguza hadi kikagoma. Akaupiga wimbo. "Hivi?"

"Sijui umefanya nini," alisema Admasu. "Mimi naona ni uleule."

Yeshihareg alifunga dirisha ili mayowe ya watoto yabaki nje. Wakausikiliza wote mpaka mwisho. Vigelegele havikuwepo. Fimbo na njuga hazikuwepo, na kwaya ya chekechea ilikuwa moshi tu, mbali. Ilibaki ngoma inayorudi nyumbani kutoka makaburini, na mwanamke anayetembea nayo. Hata ile n iliyokazwa ililegea, ukashindwa kuapa ni ipi kati ya mbili. Lemma alishika kikombe chake bila kunywa.

"Huu si wa chekechea," alisema baadaye, kwa sauti ya chini kidogo.

Kikombe cha baraka kikamiminwa. Yeshihareg alipangusa mdomo wa chungu cha kahawa kwa kitambaa, polepole mno, kisha akasema bila kumtazama mtu, "Mimi naona mwaka huu tumpe Admasu."

Sauti aliyoitumia Yeshihareg, Admasu aliijua. Ni ileile waliyoitumia wote kwa mzee Asrat. Alitazama mlango. Alijiona Pagume ijayo, na ile nyingine, akiinuliwa mikono.

"Tumpe kwa lipi?" alisema Lemma.

"Lemma!"

"Nauliza. Emebet Tsegaw aliweka njuga. Alilipa watu wazipige. Albamu ya mwaka ni ile aliyotengeneza yeye, siyo aliyotengeneza huyu kichwani mwake akiwa amelala juu ya meza. Wimbo mmoja umetoka mzuri, sawa. Na zile nyingine? Kuna mmoja una mbuzi analia! Sikio, kuna mbuzi. Umemsikia mbuzi?"

"Sikumsikia," alisema Admasu.

"Basi. Wahenga walisema kwenye mchezo wa fimbo wa genna hata bwana hakasiriki. Kura yangu ni kwa Bezawit."

Yeshihareg alimtazama Lemma kwa hasira, kisha akamtazama Admasu. Akaona kitu usoni pake, sijui alikiona vipi, kwa kuwa hasira ilimtoka. "Na yangu ni kwa Bezawit," alisema. "Nilitaka kuwa mwema. Ila ya kwake ndiyo bora."

"Yangu ni kwa Gashe Admasu," alisema Bezawit.

"Kwa ajili ya masikio?" aliuliza Admasu.

"Kwa ajili ya ubeti wa mwisho. Halafu mimi nimeshashinda, siwezi kukosa ukarimu."

Ikabaki kura ya Admasu. Aliwaza kwa haki, kama alivyowaza miaka yote. Wasichana wa Bezawit hakuwasikia, na hangempigia kura mtu asiyemsikia. Lakini mzee wa kinanda alikuwa na mkono wa kushoto, mzito, wenye subira, na ule aliusikia nota kwa nota.

"Kwa Lemma," alisema. "Kwa mkono wa kushoto. Wa kulia sijui alikuwa anafanya nini."

"Angalia bahati yangu!" Lemma alirusha mikono juu. "Mwaka mzima nasikiliza, nachagua, nabeba, napata kura moja, nayo ni ya kiziwi!"

Bezawit alishika pumzi. Yeshihareg alifumba macho.

Lemma alikuwa na sauti nzito kama pipa linaloviringishwa, na neno hilo Admasu alilisikia lote, kutoka k mpaka mwisho wake.

"Umesemaje?" aliuliza, akiweka kiganja nyuma ya sikio, na kuinyoosha shingo kwa adabu kubwa. "Hebu rudia, karani. Kelele za mbuzi zimenizidi."