Beberu Hafichiki Sufuriani

Wegesa alikuwa na sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto, lakini Krismasi mbili mfululizo sauti hiyo iliishia jikoni badala ya kanisani. Kosa la wachimbaji waliokula kwenye kibanda chake, machimboni nje ya Tarime. Shimo la kina Ryoba na shimo la kina Mseti yalikutana chini kwa chini, wakapigana humo gizani mpaka kila mtu akamtandika ndugu yake. Tangu hapo hawakula chungu kimoja. Waliamini ukila na adui, dhahabu yako inamfuata tumboni. Basi Wegesa akawa na majiko mawili, sufuria mbili, turubai katikati, na mgongo mmoja.

Mwaka huu Mwinjilisti Nikodemo alimpa ubeti wa malaika aimbe peke yake, ule wa amani duniani.

"Usipofika nampa mke wangu," alimwambia.

Mke wa Nikodemo akiimba, mbwa huitikia. Wegesa akaapa atafika.

Siku ya kuamkia sikukuu kila kundi lilileta mbuzi. Kina Mseti walileta jike, laini. Kina Ryoba walileta beberu mwenye ndevu za mzee wa ukoo, ananuka hata nzi wanampisha. Kulipokucha, ili awahi kuimba, Wegesa akawatia wote sufuria moja kubwa, akamkabidhi upawa Zaitun, jirani yake muuza vitenge.

"Mimi Mwislamu, dada. Unaniachia uongo wa Krismasi?"

"Uongo gani? Wakiuliza, sema ni mbuzi. Kwani si mbuzi?"

"Na turubai?"

"Pakua huku, pakua kule. Na usicheke!"

Akavaa gauni lake, akakimbilia kanisani.

Yaliyofuata kibandani Zaitun alimsimulia baadaye, kajishika mbavu. Mambo yalikwenda vizuri mpaka Mseti alipotafuna. Mtu aliyechunga mbuzi tangu ana meno ya utoto, utamdanganya nini? Akatema, akamgeukia mwenzake.

"Mura, sisi tulileta jike! Huyu beberu katokea wapi?"

Ng'ambo ya turubai Ryoba akajibu, mdomo umejaa. "Na wetu mbona kalainika? Beberu wangu namjua, alikuwa tairi yule!"

Turubai likaanguka. Wakatazamana. Wakaitazama sufuria. Wakamtazama Zaitun.

"Ni mbuzi," Zaitun akasema.

"Wegesa yuko wapi?"

Wegesa alikuwa amepanda kwenye sauti ya juu kabisa, "na duniani amaniii," mlango wa kanisa ulipofunguka kwa kishindo. Wakaingia wachimbaji wote, Ryoba na Mseti mbele, bega kwa bega, mikono inachuruzika mafuta.

Nikodemo hakuuliza. Akainua mikono juu.

"Haleluya! Maadui wanaingia pamoja!"

Vigelegele vikapasua bati. Bibi mmoja akawakumbatia wote wawili, akawakalisha benchi la mbele, maana ndilo lililobaki.

"Tumekuja kumshtaki huyu mama," Ryoba akanguruma.

"Tulia, mura," Mseti akamnong'oneza. "Watu wanatulilia machozi."

Wegesa kuona hivyo akarudia ubeti. Akaurudia tena, asiwape nafasi ya kusema. Kila akishusha pumzi aliwasikia wakiteta, vichwa vimegusana.

"Dhahabu yako sasa iko tumboni mwangu."

"Na yangu iko kwako. Usithubutu kwenda mbali!"

"Wewe ndiye usisogee! Na huyu mama je?"

"Sufuria mbili ndizo zimempa ujanja. Kuanzia kesho apike moja, tuilinde wote."

Nje ya kanisa walimsomea hukumu kwa sauti moja. Sufuria moja, jiko moja, na turubai wanalichukua.

"Jamani, mnanionea," Wegesa akasema, kainamisha kichwa kama mfiwa.

Alipofika nyuma ya kibanda chake alicheka mpaka kilemba kikamdondoka kwenye majivu. Kisha akaliondoa jiko la pili, akamtuma Zaitun akamwambie mke wa Nikodemo kwamba Krismasi ijayo pia ubeti una mwenyewe.