Siku Binti Yangu Alipokaribisha Wageni

Walipiga hodi vizuri. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Wangekuja kwa kishindo, wakaupiga mlango mateke, mwanangu angetimua mbio kama kuku, na babake angekuwa bado yuko nasi. Lakini walisimama nje ya ua, wanaume watatu wenye mashati yaliyopigwa pasi, wakatoa salamu yote mpaka baraka zake, wakangoja wakaribishwe.

Mimi sikuwepo. Nilikuwa bombani na ndoo zangu. Nyumbani alikuwepo mama yangu, ambaye ukungu wa macho umemfikisha mahali hatofautishi mbuzi na meza, na binti yangu wa miaka sita. Binti yangu akafanya kila nilichomfundisha. Akawapa shikamoo mmoja mmoja. Akatandika mkeka. Akawaletea maji kwa bilauri zile nzuri za Idi. Mmoja wao akamwuliza kwa upole, "Baba yuko wapi?"

"Yuko juu."

Wakacheka. Na kwa kuwa huku kwetu mgeni haelekezwi kwa kidole, unamchukua mpaka anakokwenda, mwanangu akamshika mkono yule aliyekuwa karibu naye, akawapeleka.

Huko juu kulikuwa ni paa la jiko la jirani yetu. Mume wangu ni fundi wa makuti. Zile nyumba za Diani ambazo watalii wanazipiga picha, nyingi yeye ndiye aliyeziezeka, kwa makuti ambayo mimi na wanawake wenzangu wa hapa Msambweni tumeyashona tumekaa chini, miguu imetufa ganzi. Siku hizo hakuwa akienda Diani. Kulikuwa na msako. Tulisikia umeanzia Ukunda unashuka kusini, wanakamata watu wasio na vibali, wakimfikia fundi kazini wanamchukua na nyundo yake mkononi. Basi mume wangu akamwambia jirani, "Nikumalizie lile paa la jiko." Upande wa nyuma wa lile paa, mtu wa njiani hakuoni. Wakubwa wote tulijua kwamba ile si kazi, ni maficho. Mtoto hakuambiwa. Angeambiwaje? Ukimwambia mtoto wa miaka sita kwamba babake anajificha, atakuuliza amemkosea nani, nami sikuwa na jibu.

"Baba!" akaita pale chini. "Una wageni!"

Akashuka.

Niliporudi na ndoo zangu nilikuta mkeka bado umetandikwa na bilauri tatu juu yake. Mtoto alinipokea kwa furaha. "Baba amekwenda na wageni. Wana gari kubwa." Mmoja hakuwa amemaliza maji yake. Niliyamwaga uani, nikaona haitoshi, nikaivunja na bilauri. Nilipiga ukelele ambao mwanangu hajawahi kuusikia kinywani mwangu, na hapo ndipo uso wake ulipobadilika. Hakujua alichokifanya. Alijua tu kwamba amefanya kitu.

Acha niseme mume wangu ni nani, maana mdomoni mwa wale watu alikuwa "mgeni haramu". Alizaliwa ng'ambo ya mpaka, kijiji ambacho ukiwa Lunga Lunga na una baiskeli nzuri unakifikia kabla jua halijakuwa kali. Lugha ya kwao ndiyo ya kwetu. Ngoma zao ndizo zetu. Bibi yake na bibi yangu wangekutana wangeulizana koo mpaka wapate undugu, na wangeupata. Mamake alipofariki aliletwa kwa mjomba wake hapa Msambweni, meno ya utotoni bado yako mdomoni. Hapa ndipo aliposoma, hapa ndipo alipotahiriwa, hapa ndipo aliponiona mimi nikitoka shule ya sekondari na sketi yangu ya buluu akaanza ujinga wake. Kitambulisho amekiomba mpaka karani akawa anamwita kwa jina la utani. Lete cha baba. Baba yuko ng'ambo. Basi lete cha mama. Mama yuko kaburini. Basi nenda utarudi.

Kituoni nilikwenda nimembeba mtoto mgongoni ingawa ni mkubwa, kwa sababu alikataa kutembea. Afisa aliyekuwa kaunta alikuwa mtu wa bara, kijana wa rika langu.

"Sasa wewe mama ni Mkenya," akaniambia, "mbona hukuolewa na Mkenya? Wanaume wameisha huku?"

"Wameisha," nikamjibu. "Umebaki wewe tu, na ndiyo maana nikavuka mpaka."

Watu wa nyuma, mahabusu, wakacheka. Yeye hakucheka.

"Mtoto haingii. Hapa si mahali pa watoto."

"Kuwaonyesha njia ilikuwa sawa, lakini kumwona babake si sawa?"

Akaichukua simu yake akaanza kuisoma. Mtu akisoma simu namna ile, hata ukijiwasha moto mbele yake ataendelea kusoma.

Mahakamani sikuelewa sana, na nimefika kidato cha nne. Kilichosemwa ni kwamba hana kibali, akakubali kwamba hana, ikaamriwa arudishwe kwao. Kwao! Nilikuwa nimekaa benchi la nyuma, mimi ndiye kwao, na hakuna aliyenitazama.

Nyumbani ndiko kulikochacha. Jirani mmoja, mwanamke ninayeshona naye makuti, alitaka kutuchangamsha. Alimwona mwanangu anapita akasema, "Mpisheni huyo, ni afisa wetu mdogo." Wanawake wakacheka kidogo, cheko la kujilazimisha. Yeye hakuwa na nia mbaya, najua, lakini maneno yalitoka pale yakaenda madrasa. Watoto wakaanza kumwita polisi. Wakiketi kwenye mkeka wanasogea, "Usikae na huyo atakupeleka." Siku ya kwanza alilia. Baadaye akaacha kulia, na hilo lilinitia hofu zaidi. Akawa hazungumzi na mtu yeyote isipokuwa mimi na bibi yake. Mtu akipiga hodi anaingia uvunguni. Kitanda kikawa kinalowa kila asubuhi, yeye ambaye aliacha mambo hayo hata hajajua kuhesabu.

Tukiwa tunashona makuti, mimi, yeye na mama yangu, akauliza bila kuinua kichwa, "Ningesema hayupo, angekuwepo?"

Mama yangu ndiye aliyejibu. "Ungekuwa umesema uongo, mjukuu wangu."

"Na uongo huo ungekuwa halali, mama!" nikadakia.

"Usimfundishe mtoto uongo ndani ya nyumba yangu."

"Nyumba yako imeezekwa na mkweo! Mvua ikinyesha utamkumbuka!"

Tukagombana pale, watu wazima wawili, na mtoto akiendelea kushona kuti lake dogo, uzi unaingia unatoka. Nilipotulia nikamwambia si yeye. Nikamwambia wale watu wangempata tu. Nikamwambia babake hajamkasirikia. Alinisikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Wewe hukuwepo."

Ni kweli. Sikuwepo. Na mama yangu alikuwepo lakini haoni. Mtu mmoja tu ndiye aliyeweza kumwambia mwanangu neno akaliamini, naye alikuwa anangoja kuvushwa. Nikajua kwamba akivushwa kabla hawajaonana, mtoto huyu atakua na jambo hili ndani yake, ataolewa nalo, atazaa nalo. Mambo mengine yote nikayaweka kando. Mawakili, wazee wa mtaa, mheshimiwa fulani aliyeahidi kupiga simu, nikawaacha na simu zao. Nilitaka jambo moja, aonane na mtoto.

Nilikuwa siketi. Nikiinjika chungu nakiacha, natoka, nakwenda kituoni, nafukuzwa, narudi, naukuta ugali umeshika chini. Nikilala naamka kuangalia mlango kama nimeukomea, kisha najicheka, maana aliyekuwa wa kuchukuliwa alikwisha kuchukuliwa. Mwanamke anayeuza chai nje ya kituo akanizoea mpaka akawa ananipa kitumbua bila kuniuliza. Huyo ndiye aliyenikimbilia asubuhi moja, kanga imemlegea. "Mwenzangu, wamepakiwa sasa hivi. Wanapelekwa mpakani. Wahi!"

Nikatia nguo za mume wangu kwenye mfuko, nikamnyanyua mtoto, hata viatu hakuvaa. Mwenye bodaboda alipoona uso wangu hakuniuliza kitu.

Tulifika Lunga Lunga gari lao likiwa limeegeshwa juani, wanateremshwa. Alikuwa amekonda. Shati ni lile lile alilokuwa nalo juu ya paa. Nilimwita, akageuka, na afisa akaweka mkono mbele yangu. Huyu alikuwa mtu mzima, amechoka, kola imemlowa.

"Mama, usiniletee drama hapa."

"Sikuletei drama, nakuletea mtoto. Mumwache amwambie neno mtoto wake."

"Atampigia simu akifika."

Basi nikapayuka. Sitaandika niliyoyasema, mama yangu atasomewa hiki. Nilipayuka mpaka wanawake wanaovusha nyanya na vitunguu wakatua mizigo yao wakaja kuona. Mmoja mnene mwenye tenga la nyanya akamwambia yule afisa, "Wewe baba, huna watoto? Atauiba mpaka wenu akiongea na mwanawe?" Mwingine akasema, "Muacheni, si mwizi wa kuku huyo." Afisa akawatazama, akanitazama, akapangusa shingo. Akatugeuzia mgongo kama mtu anayeangalia mandhari. Ndiyo ruhusa aliyoweza kuitoa.

Mume wangu akachuchumaa mbele ya mtoto. Kwanza hakusema lile nililolitaka. Alikitazama kichwa chake.

"Nani kakusuka hivi?"

"Bibi."

"Ndiyo maana njia zimepotea."

Mtoto hakucheka. Alikuwa anaangalia vidole vyake vya miguu vilivyojaa vumbi. Akasema, kwa sauti ndogo kabisa, "Mimi ndiye niliyewaleta."

"Niliwaona kabla hujafika," akamjibu.

Akainua macho.

"Ukiwa juu, ukichungulia, unaona kila kitu. Niliwaona tangu wanaikata barabara. Niliwaona wanaingia kwetu, niliona umeingia ndani kuchukua maji. Ngazi ilikuwa upande wa nyuma. Nilishatia mguu kwenye ngazi, na pale nyuma ni minazi mitupu, wangenipata wapi?"

"Mbona hukukimbia?"

"Nikaona unakuja, umeshikana mkono na mtu nisiyemjua. Nikimbie nikuache nao?"

Akafikiri. Ana tabia ya kukunja midomo akifikiri, kama anaonja chumvi. "Kwa hiyo si mimi niliyekushusha?"

"Uliponiita nilikuwa nishaanza kushuka. Nilishuka mwenyewe."

Hata mimi nilikuwa silijui hilo. Nilisimama pale na kila siku niliyomlaumu mtoto moyoni ikanigeukia. Nilitaka kumpiga kwa kutokimbia, na nilitaka kumshika nisimwache, na sikuruhusiwa hata kimoja. "Haya, inatosha," afisa akasema bila kugeuka. Mume wangu akanitazama. "Umekonda," akaniambia, mtu mwenyewe kama ufito. Wakamwongoza pamoja na wenzake mpaka kule ng'ambo, na kule ng'ambo wakamwachia tu, asimame juani na wala hana mtu, katika nchi aliyoiacha akiwa na meno ya utotoni.

Tulikuwa tumeshaanza kurudi stendi mtoto aliponivuta nguo. "Mama, nguo za baba."

Mfuko ulikuwa bado unaning'inia mkononi mwangu. Nimekuja mbio kutoka Msambweni, nimemtukana mtu wa serikali mbele ya umati, na mfuko sikuutoa. Nikarudi. Afisa akasema hapana, safari hii alimaanisha. Yule mnene wa nyanya alikuwa anajitwika tenga lake.

"Nipe mimi. Navuka na kurudi kila siku, hakuna anayeniuliza nimezaliwa wapi. Yukoje?"

Nilikuwa nimefungua mdomo, lakini mwanangu akanitangulia. Alimsogelea yule mama, mtu ambaye hakumjua.

"Ana shati la kijani limechanika hapa. Ana kovu la panga hapa. Mikono yake imekwaruzwa na makuti."

"Ni mrefu?"

"Akiwa chini si mrefu."

Wanawake wakaangua kicheko, na safari hii kilikuwa kicheko cha kweli. Yule mama akauchukua mfuko akaenda zake, nyanya kichwani, nguo za mume wangu kwapani, akapita mbele ya maafisa wote bila mtu kumnyanyulia jicho. Nikamwambia mtoto twende. Akakataa. Akasema tumngoje arudi. Tukakaa kwenye kivuli cha lori, nikanunua mihogo, akala yake na yangu akamaliza, akadai na pilipili.

Alirudi na tenga tupu.

"Nimempata. Kakaa kwenye jiwe. Anashukuru, ila anasema hukumwekea mswaki."

"Mswaki?" nikasema. "Mswaki!" Nikasimama katikati ya barabara, lori likanipigia honi, nikapaza sauti kuelekea ng'ambo ambako asingenisikia kamwe, kwamba aende dukani akanunue kama watu wengine, mimi si mtumishi wake. Nililia na huku nafoka. Mwanangu alinitazama kidogo, kisha akamwuliza yule mama wa nyanya kama kesho pia atavuka.