Kiti cha Pili cha Mama Pindo

Wateja walimwita Mama Pindo kwa sababu mtaa mzima haukuwa na mtu wa kumshinda kukunja pindo la nguo likanyooka, naye alilipokea jina hilo kama watu wanavyopokea cheo. Miaka ishirini na nane alikuwa ameinamia cherehani ile ile katika chumba cha mbele cha nyumba yao. Kila asubuhi alitia matone mawili matatu ya mafuta kwenye vitundu vyake, akazungusha gurudumu kwa mkono, akasikiliza. Ikilia, aliongeza tone. Ikinyamaza, alianza kazi. Tabia nzuri kabisa kwa mshonaji, na ndiyo iliyotaka kumtoa roho.

Gari lilimjia kwa njia ya kazi. Mfamasia mmoja mstaafu alikuwa na gari dogo la spoti, jekundu lililopauka, lenye viti viwili tu na boneti ndefu kuliko mwili wote uliobaki, lenye umri wa kumzidi mtoto wa kwanza wa Mama Pindo. Alitaka viti vishonewe ngozi mpya. Mama Pindo aliingia na futi yake shingoni apime, akakaa, akashika usukani kidogo tu, kwa adabu. Kazi ya dakika kumi ikachukua saa nzima. Mfamasia alikuwa mtu wa kuelewa mambo. Alipohama, miezi sita baadaye, mtu wa kwanza kupigiwa simu kuhusu gari lile alikuwa fundi wa viti vyake.

Basi mwanamke wa miaka hamsini na mbili, bibi wa wajukuu wawili, leseni yake ikiwa haijatimiza mwaka, akawa mwenye gari la spoti. Watu walisema yao. Aliyesema zaidi alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, karani ambaye mdomo wake haukuumbwa na mlango.

"Shemeji, ukikaa humo unaona matairi ya malori tu. Si ungenunua la kubebea mizigo?"

"Mizigo nimebeba ya kutosha," alimjibu. "Wewe mwenyewe nimekulisha miaka mitano."

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, naye aliyaoga. Alinunua spana, jeki na kitabu cha mwongozo ambacho kurasa zake zilikuwa na alama za vidole vya grisi vya watu waliotangulia kuteseka. Alijifunza kubadilisha plagi na kusafisha kabureta. Aling'oa paa la turubai lililokuwa likivuja, akalifumua, akakata jipya kwa kulifuata lile la zamani, akalishona kwa uzi mnene. Taa za mbele alizisugua mpaka zikaona. Fundi wa gereji ya mtaa wa pili alipita siku moja, akalizunguka gari mara mbili, kisha akasema, "Mama, siku ukikosa nguo za kushona, njoo kwangu nikupe kazi." Sifa hiyo haikumsaidia hata kidogo. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Lakini kiti cha pili kilibaki bila mwenyewe, na hilo lilimuuma. Shemeji alipanda, binti wa Mama Pindo alipanda, hata jirani mnene alipanda na kushushwa kwa kuvutwa mikono. Mumewe hakupanda. Alikuwa dereva wa lori kwa miaka ishirini na mbili, dereva hasa, mtu aliyejua ugonjwa wa injini kwa kuisikia ikipita barabarani. Miaka kumi na moja iliyopita aliwaambia wenye lori mara mbili kwamba breki zimelegea, wakamwambia apeleke mzigo kwanza. Kwenye mteremko alikanyaga na pedali ikazama. Lori lilimaliza safari katikati ya shamba la mahindi. Hakufa mtu. Siku hiyo alirudi nyumbani kwa miguu na tangu hapo hakukaa tena kiti cha mbele cha gari la mtu yeyote. Akawa mtunza stoo wa shule, akaenda kazini kwa baiskeli, na hadithi ile aliisimulia mara moja tu.

Mama Pindo hakumbembeleza. Alijua mumewe ni mtu wa kufika mwenyewe. Aliona jinsi anavyosimama kizingitini na kikombe cha chai akilitazama gari, na jinsi kila juma anavyosogea hatua moja. Ijumaa moja alifika mpaka mlangoni mwa gari, akaweka kiganja juu ya paa jipya, akasema, "Umekaza vizuri." Kisha akauliza, akitazama pembeni, "Breki zikoje?"

"Nzima," mkewe alisema. "Zinalia kidogo tu."

"Mm," mumewe akasema. "Labda Jumapili tufike mpaka sokoni."

Miaka kumi na moja, halafu sokoni, Jumapili. Mama Pindo aliingia ndani akakaa kitandani akitabasamu peke yake kama mwali. Wazo lililofuata lilikuwa kwamba kelele ile isije ikamtisha mzee wa watu. Jumamosi asubuhi alinyanyua gari kwa jeki, akatoa magurudumu ya mbele, akaiona ile sahani ya chuma inayobanwa na breki, kavu kama mkate wa juzi. Akaenda kuchukua kichupa cha mafuta ya cherehani.

Alitia matone, akazungusha kwa mkono, akasikiliza. Ikanyamaza. Akaridhika, akarudisha magurudumu, akalitoa gari kwenda kulijaribu. Nje ya geti palikuwa na mteremko mfupi, na ng'ambo ya barabara jirani alikuwa akijenga. Mama Pindo alikanyaga breki. Gari lilifikiria kidogo, likaendelea na safari yake. Alikanyaga kwa miguu miwili, akavuta breki ya mkono, akamwita marehemu mama yake, na gari likaenda polepole kabisa, kwa heshima zote, likazamisha pua kwenye lundo la mchanga wa jirani.

Aliyefika wa kwanza alikuwa shemeji, aliyekuja kuomba kipande cha turubai kilichobaki. Alipojua kwamba hakuna aliyeumia alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akasikia habari ya mafuta, na kicheko kikakatika.

"Usimwambie kaka," alisema kwa sauti ya chini. "Sema umekosea gia. Ukitaja breki, shemeji, kiti kile atakikalia paka."

Ulikuwa ushauri mzuri, na Mama Pindo aliujua kuwa mzuri. Mumewe alikuwa nyuma ya nyumba akiziba pancha ya baiskeli, hajasikia lolote. Kesho ilikuwa Jumapili. Uongo wenyewe ulikuwa mdogo, wa maneno mawili. Lakini alikumbuka kwamba kuna watu waliwahi kumpuuza mtu huyu kwa habari za breki, na hakutaka awe mmoja wao. Alikwenda nyuma ya nyumba, mchanga bado umo viatuni.

"Baba watoto, nimegonga mchanga. Breki hazikushika. Nilizitia mafuta ya cherehani ili zisilie."

Mumewe aliweka chini pampu. Alimtazama mkewe kuanzia kichwani mpaka miguuni, taratibu, kama anayehesabu viungo. Alipoona vimetimia ndipo uso wake ukabadilika.

"Breki ikilia inakuambia kitu," alisema. "Wewe umeiziba mdomo."

"Sikujua."

"Ungeniuliza. Niko hapa hapa."

Hilo lilimchoma kuliko kugombezwa, kwa sababu lilikuwa kweli. Miezi yote ile alikuwa akiuliza kitabu na kumuuliza fundi wa mtaa wa pili, akimkwepa mjuzi anayelala naye kitanda kimoja, eti asimguse kidonda. Alisimama akalia kidogo, akajifuta kwa upindo wa kanga. Mumewe aliingia ndani, na Mama Pindo akajua Jumapili imekwenda na maji.

Mumewe alitoka amevaa ovaroli lake la zamani. Lilimbana tumboni na vifungo viwili havikufika.

Walilisukuma gari mpaka uani, shemeji akisukuma zaidi kwa mdomo. Mzee alichungulia, akasema pedi, zile zinazobana sahani, zimekunywa mafuta, hazifai tena, sahani zioshwe kwa petroli. Akabinya mipira ya breki kwa vidole, akaonyesha nyufa. Akafungua kikopo cha mafuta ya breki, yalikuwa meusi kama kahawa. "Tukishafungua tunamaliza," alisema, akamtuma mdogo wake dukani na orodha. Mpaka adhuhuri pedi zilikuwa mpya, mipira mipya, mafuta mapya. Ikabaki kutoa hewa iliyoingia kwenye mabomba ya breki.

Kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Mmoja hulala chini kwenye gurudumu afungue na kufunga kijiskrubu, mwingine hukaa ndani akanyage pedali. Shemeji alikuwa amepotea, kama kawaida yake kazi inapokaribia chakula. Mzee alijaribu kuinama, mgongo ukakataa. Wote wawili walilitazama gari, kisha wakatazamana.

"Nalala mimi," Mama Pindo alisema, akatandika gunia.

Alisikia mlango ukifunguliwa, halafu ngozi ya kiti ikilalamika chini ya uzito. Alivalisha kijiskrubu bomba jembamba, akalitumbukiza kwenye chupa.

"Kanyaga."

Palipita muda. "Nimekanyaga."

"Shikilia." Alifungua, povu likatoka, akafunga. "Achia."

Wakaenda hivyo gurudumu kwa gurudumu, kanyaga, shikilia, achia, sauti ya juu ikijibu sauti ya chini. Kwenye gurudumu la nne mafuta yalitoka safi bila povu hata moja. Akafunga, akakaza.

"Kwisha. Achia."

Pedali haikurudi.

"Baba watoto, achia."

"Subiri." Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Siku ile ilikwenda mpaka chini. Ilikuwa kama nakanyaga nguo. Hii imegoma kuzama. Nakanyaga kwa nguvu zangu zote na imegoma."

Mama Pindo alibaki amelala pale pale, chupa kifuani, machozi yakiingia masikioni. Alimwacha akanyage apendavyo. Kisha alirudisha magurudumu, moja baada ya jingine, akashusha jeki, na muda wote huo mumewe hakushuka.

"Ufunguo," alisema, mkono ukiwa nje ya dirisha.

Mama Pindo alimpa. Alizunguka upande wa pili na mikono yake michafu, akafungua mlango, akakaa. Hakuwahi kukikalia kiti kile hata siku moja. Mumewe aliwasha, akaingiza gia ya kwanza, akaachia klachi kama anayemlaza mtoto mchanga. Kutoka pale mpaka getini ni hatua thelathini, hazizidi. Alifunga breki mara saba njiani, na mara zote saba gari likasimama.