Mama Aliyeshona Kofia

Dzoro hakuamka siku moja akaamua kuwa mwongo. Alipoanza kazi ya kutembeza wageni Mji wa Kale, mama mmoja mtalii alimuuliza kwao ni wapi. Badala ya kusema Kaloleni, huko mashambani, akanyoosha kidole kwenye mlango wa nakshi uliokuwa karibu. Mgeni akafurahi kweli. Basi mlango ukawa wa kwao, na jina lake Dzoro likawa Taib. Wenye mji walijua si mwenzao, lakini walimwacha atafute riziki.

Mamake, Mbeyu, alikuja Mombasa kila msimu wa korosho. Dzoro alimpokea Ganjoni, alikopanga chumba, akamlisha, akampandisha gari arudi. Mji wa Kale hakumfikisha hata mara moja. Tusimfichie: alimwonea haya. Mama alivaa hando, ile sketi ya marinda ya wanawake wa Kigiriama, na vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa yale mafuta ya maganda ya korosho yanayobabua ngozi. Na kubangua korosho hizo ndiko kulikomsomesha mwana hadi akajua Kiingereza cha kuwadanganyia wageni.

Siku moja mwalimu Beryl alileta wanafunzi wa chuo kutoka bara. Aliwasimamisha mbele ya ule mlango.

"Tawasifu ni mtu kusimulia maisha yake mwenyewe," aliwaambia. "Si lazima awe mtu mkubwa. Tunamsadiki kwa kuwa yeye alikuwepo. Bwana Taib, hebu tupe yako kidogo."

Dzoro akakohoa, akakivaa Kimvita chake cha kazini.

"Mimi nlizawa nyumba hii. Mamangu kiketi baraza hapa, kishona kofia. Vidole vyake laini, vyeupe, hata sindano yavionea huruma. Mola alimrehemu nami ni mtoto mdogo."

"Woi, pole," alisema msichana mmoja, Wendy, huku akiandika.

"Pole, mwanangu," ilisema sauti nyingine nyuma yao.

Wote wakageuka. Alikuwa Mbeyu, kikapu kikiwa kiwikoni. Alikuwa amefika Ganjoni bila taarifa, akakuta kufuli, jirani akamwelekeza mtaa anakofanya kazi mwanawe. Alikuwa ameuliza duka kwa duka, hakuna aliyemjua Dzoro. Mwishowe aliisikia sauti yake, akaifuata.

Neno moja tu lilitakiwa, naye Dzoro akageukia mlango, akajifanya anafuta vumbi kwenye nakshi.

"Kufiwa na mama si jambo dogo," Mbeyu aliendelea, sauti yake shwari. Mikono alikwisha kuificha chini ya leso. "Mungu amlaze pema."

"Amina," walisema wanafunzi.

"Nilikuwa nimemletea mwanangu korosho, anaitwa Dzoro. Lakini huku naambiwa hakuna mtu wa jina hilo. Naona nimekosea njia." Aliweka kikapu barazani kwa kiwiko, asitoe vidole. "Kuleni, watoto. Nitarudi nazo wapi?"

Akaondoka. Wanafunzi wakamshukuru, wakatafuna, wakasifu. Wendy akainua kalamu.

"Bwana Taib, baada ya mama kufariki, nani alikulea?"

Korosho zilikuwa zikinukia moshi wa kwao. Dzoro alitazama kikapu, akatazama kalamu ile inayongoja, akaona aibu ambayo hando wala vidole havikuwahi kumtia. Aliwaacha wamesimama, akatoka mbio.

Alimwona mamake mbele, karibu na maduka ya vinyago, anatembea polepole. Barazani walikuwa wameketi wale wale wanaomwita Taib kila asubuhi, na wote walimwinulia macho. Alifungua kinywa aite mama. Alijisikia akiita:

"Bibi! Ewe bibi!"

Mbeyu akasimama. Akageuka, akamtazama kwa adabu yote anayostahili mtu usiyemjua.

"Labeka, Bwana Taib."