Kwenda Kitale Kuangalia Shamba la Kanduyi

Nilisafiri hadi Kitale kuangalia shamba letu, ingawa shamba lenyewe liko Kanduyi, nyuma ya jiko. Wazazi wetu walipofariki niliacha shule, nikawalea wadogo zangu watatu kwa mahindi ya shamba hilo. Kisha jirani yetu, Mzee Wanjala, akakata miti ya lusiola aliyoipanda baba mpakani, akadai nusu ya shamba ni yake.

Tulisikia ndege ya serikali itapiga picha mashamba yote. Basi wadogo zangu walisimama mpakani kila siku wakiwa wamejifunga shuka nyeupe ili waonekane. Mzee Wanjala naye akajenga kibanda haraka upande wetu. Siku moja ndege ikapita chini, sote tukaipungia mikono. Chifu, akiwa amechoka na kelele zetu, akatutuma mimi na Mzee Kitale tukaione picha hiyo.

Alfajiri tulipanda lori la chumvi pale Bungoma, tukakaa juu ya magunia.

"Ukiona kibanda changu kwa picha utaria, bana," Mzee akanitania.

"Na wewe utawaona watoto wetu wamesimama."

"Ati watoto! Si watoto wanatembea?"

Tulipofika Ndalu injini ya lori ilichemka, tukashuka. Mzee alinunua ndizi, akanipa nusu. "Kura. Kesi iko mbere, njaa iko hapa."

Kitale kulikuwa na baridi. Karani wa ramani, kijana mwenye sweta, aliweka mezani picha mbili zinazofanana, akasimamisha juu yake miwani yenye miguu mifupi, ya kuziunganisha ziwe moja. Niliinama. Sikupaona nyumbani, nyumba yetu naijua kwa mlango wake, siyo kwa utosi wa paa. Kisha macho yakazoea, na ardhi ikainuka. Vilima vilisimama. Mpakani ilisimama miti ya baba, kila mmoja na kivuli chake.

Mzee Wanjala alipoinama alinyoosha kidole aguse kilele cha mti. Akagusa meza.

"Kibanda changu kiko wapi?"

"Na watoto?" nikauliza.

Tulipomweleza, karani alicheka. "Picha hii ni ya kiangazi kilichopita, Mzee, kabla hujashika shoka. Ndege ilipita juu sana, hakuna aliyeinua shingo. Ile mliyoipungia ilikuwa inatafuta nzige."

Mzee aliinama tena. "Ni ya babako," akasema taratibu. "Hata mashimo nirimsaidia kuchimba."

Kesho yake jioni tulifika Kanduyi. Mzee hakupitia kwake. Alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda, akaanza kung'oa nyasi za paa. Mdogo wetu wa mwisho, Nekesa, alinikimbilia.

"Kaka, nilionekana?"

"Hapana. Imeonekana miti ya baba. Shamba ni letu."

Alinuna mpaka tulipomaliza kula.

Mvua ziliponyesha tulipanda miche ya lusiola, Mzee akichimba mashimo. Siku hizi nikisikia ndege siinui kichwa. Naendelea kupalilia mpakani, maana iliyotuona ni ile ambayo hatukuisikia.